Uyoga wa Chini ya Ardhi na Kiti cha Mbele

Jumatatu, 4 Aprili 1949

Mvua. Daftari hili nimepewa na karani wa kambi ya mkonge kwa sababu panya wamelila pembeni. Nitaandika katikati. Shule sikuingia, niliipita kwa nje tu, lakini nilipita polepole. Herufi zote nazijua. Zingine nazijua kuliko mwalimu.

Habari kubwa! Leo nimepata kiti cha mbele. Yaani bado sijakipata, lakini nimeshawaambia watu, kwa hiyo ni changu.

Ilikuwa hivi. Nilikwenda kambini kumpelekea Bwana Alfio mkungu wa ndizi. Bwana Alfio ni Mtaliano. Aliletwa huku mateka wa vita, vita ikaisha, wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki kutengeneza korona, ile mashine inayokwangua mkonge. Mashine ilikuwa imekufa tena. Mwenyewe amekaa juu ya debe, macho mekundu. Nikamuuliza kafiwa na nani. Akasema hakufiwa, amekumbuka uyoga.

Mtu mzima! Uyoga!

Akaeleza kwa Kiswahili chake kile cha kurukaruka. Kwao milimani kuna uyoga unaoota chini ya ardhi, kwenye mizizi ya miti. Hauonekani. Mweusi, una manundu, unanuka kitunguu saumu na soksi. Matajiri wanasafiri siku mbili kwenda kuula. Unakwanguliwa juu ya chakula kidogo kidogo kama ugoro, na anayekwangua watu wote wanamtazama mkono. Nikauliza unapatikanaje kama hauonekani. Akasema unanuswa na nguruwe.

Nikatikisa kichwa kama mtu anayejua. Nikamwambia huo tunao. Nimeula tangu sijaota meno. Akaruka kutoka kwenye debe! Akauliza jina lake kwa Kizigua. Nikamwambia jina lake halitajwi wakati wa masika, ukilitaja unahama.

Basi akasema, Jumatatu ya Pasaka atachukua lori lake, atoke Korogwe mpaka Handeni, na kila penye watu atakula chakula cha watu wa hapo. Anataka mtu mmoja anayejua vyakula vya porini akae naye mbele, amwonyeshe njia na vyungu. Atakayempatia uyoga wa chini ya ardhi kabla ya siku hiyo, kiti cha mbele ni chake.

Handeni! Kwa wakwe zangu, Chanika! Mke wangu Mwaija hajamwona mama yake, masika ya tatu sasa. Kosa si langu. Mimi nilisema tu kwamba mke wangu mimi Mhina hataingia Chanika kwa miguu, kaka yake Sadala akapata la kusema. Sadala husema dada yake ameolewa na upepo. Basi nikamwahidi Mwaija tutaingia kwa gari. Ahadi hiyo ina miaka mitatu na haijapata hata kikohozi.

Nimemwambia ajiandae. Akauliza kwa nini uyoga utafutwe chini, kwani wa juu umekwisha? Wanawake hawaelewi mambo ya Ulaya. Akaendelea kuchambua choroko. Lakini baadaye nilimwona ameitoa kanga yake ya pindo jekundu sandukuni, akaitazama, akairudisha.

Jumanne, 5 Aprili

Fransisko amejua. Nani kamwambia? Mimi. Nilitaka roho imuume.

Fransisko ni Mnyamwezi, mkata mkonge, anakaa kambini. Ni mtani wangu. Mababu zake walipita hapa na mizigo kichwani, mababu zangu wakawapa maji na kuwacheka, na tangu hapo Mzigua na Mnyamwezi ni watani. Tunatukanana, tunachukuliana vitu, na anayekasirika kwanza anatoa kuku. Mimi sijawahi kukasirika. Nimetoa kuku mara nne, lakini zawadi tu.

Akanijibu eti na yeye atautafuta, na yeye nguruwe anaye. Kweli anaye. Mkristo, hana kizuizi. Nguruwe wake amempa jina Bwana Shamba, kwa sababu anafukua mashamba ya watu na mwenyewe hapandi kitu. Nikamwambia mimi sihitaji nguruwe. Ukoo wetu tuna pua. Babu yangu aliwanusa Wajerumani wakiwa bado Pangani.

Mchana nikaijaribu pua. Nilikwenda mtoni penye mikuyu, nikapiga magoti, nikanusa mzizi mmoja baada ya mwingine. Mzizi wa kwanza, udongo. Wa pili, udongo. Wa tatu, siafu.

Jirani yetu Fatu alikuwa anateka maji. Akanikuta nimeinama. Akasema shikamoo. Sikuitikia vizuri, siafu walikuwa wameshaingia ndani ya pua. Akauliza, baba, umepoteza kitu? Nikasema naswali. Akasema kibla si huko.

Pua imevimba. Mwaija anasema sasa nikipanda hilo gari pua itafika Chanika kabla yangu.

Alhamisi, 7 Aprili

Nimefikiri siku nzima ya jana nikiwa nimelala chali na majani ya mpera puani. Pua ya mtu ina mwisho. Lazima nguruwe.

Tatizo, mimi ni Muislamu. Nikaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Nikamuuliza, mtu akishika kamba, na mwisho wa kamba kuna nguruwe, je, ameshika nguruwe? Mwalimu akafunga kitabu chake. Akauliza kamba yenyewe ndefu kiasi gani. Nikasema pima tatu. Akasema kamba si nguruwe, ila mtu anayekuja na maswali kama hayo asubuhi ana lake jambo. Hilo la mwisho nimeliacha. Sikuliuliza.

Nikasokota kamba ya katani pima saba, kuongeza uchaji.

Fransisko alipokwenda kukata mkonge, nikamfuata Bwana Shamba bandani kwake. Si wizi, mali ya mtani. Nilimrushia kitanzi kwa mbali, mara ya tisa kikaingia. Nia yangu ilikuwa nimwongoze. Hakuongozeka. Kamba ikakaza, nikaanza kukimbia, watu wakadhani nina haraka. Tukapita msikitini. Tukapita kwa jumbe. Nikampungia jumbe mkono. Jumbe hakupunga.

Nguruwe akaenda moja kwa moja shamba la Mwaija la mihogo. Akaanza kufukua. Kumbe uyoga uko kwetu! Nikamwacha. Fundi hasumbuliwi. Tuta la kwanza, muhogo. Nikasema labda uko chini zaidi. Tuta la pili, muhogo. La tatu. Mimi nimesimama umbali wa pima saba, sioni sawasawa, kila kitu cheusi nasema ndicho hicho. Na kila anachokipata anakila! Hilo Bwana Alfio hakunieleza, kwamba nguruwe anakula ushahidi.

Mwaija akaja na jembe begani. Akasimama. Akayahesabu matuta kwa macho. Matano. Akalishusha jembe taratibu, na mimi namjua, afadhali angepiga kelele. Kisha akaniita polepole, Baba Mashavu. Mashavu ni binti yetu, ameolewa Manundu, na mama yake akinitajia jina hilo polepole ujue mvua inakuja. Akasema mama yake hazidi kuwa kijana. Akasema Jumatatu ya Pasaka yeye anakwenda Chanika. Kuna gari, hakuna gari, anakwenda. Na akienda kwa miguu, hatarudi mpaka mihogo hii iote upya na mimi niwe nimejifunza kuipalilia.

Mihogo inachukua mwaka!

Nikamwambia asijali, matuta matano ni kipimo tu. Bado hatujaanza kuchimba.

Ijumaa, 8 Aprili

Msikitini watu wote walisogea. Nikapata safu peke yangu. Heshima.

Nimerudi nyumbani, mlango hakuna. Sisemi uko wazi. Hakuna. Fransisko amekuja kumchukua nguruwe wake, na kwa kuwa ni mtani amechukua na mlango, bawaba na vyote. Fatu amemwona akipita nao kichwani anaimba. Siwezi kukasirika. Nikikasirika, kuku. Kwa hiyo nilicheka. Nilitoka barabarani nikacheka kwa sauti, watu wasikie nimecheka. Mvua ikaingia ndani. Nikacheka tena.

Mwaija ametundika mkeka. Kuku wanapita chini yake wanavyotaka.

Nasikia Fransisko ameulaza mlango wangu juu ya matofali, ndiyo kitanda chake sasa. Na upande wa bawaba analala Bwana Shamba.

Jumapili, 10 Aprili

Leo nimekaa kiti cha mbele! Kweli kabisa! Naandika yote.

Asubuhi Fransisko alikwenda kanisani, wana sikukuu yao ya matawi. Mimi nikaenda kwa Bwana Alfio. Yeye kanisani haendi, anasema yeye na Mungu wanaonana kwenye korona, hasa ikiharibika. Nilimkuta ananyoa ndevu. Akaniuliza Fransisko yuko wapi, maana amesikia na yeye anautafuta uyoga, tena ana nguruwe. Nikamjibu Fransisko amekufa.

Utani wa kawaida! Mtu wa hapa angejibu, basi tumzike upesi asije akatunukia. Au angejibu, sufuria zake nachukua mimi. Mtani wako unamwua mara mbili kwa wiki. Yeye Fransisko ameshanizika mimi Korogwe sokoni mpaka watu wananipa pole ya kifo changu.

Bwana Alfio hakujibu hivyo. Wembe ulianguka. Povu usoni, machozi juu ya povu. Nikataka kumwambia. Nikasema ngoja kidogo nione. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa unga, sukari, na shuka nyeupe, mpya, ya kitanda chake mwenyewe. Akasema twende msibani. Akafungua mlango wa lori.

Wa mbele.

Ningesema nini tena?

Kiti ni cha ngozi. Kimepasuka katikati, sumba za ndani, nyuzi za nazi, zinachoma kidogo, lakini zinachoma kwa heshima. Mbele kuna kioo. Mvua inapiga kioo, na wewe huloi! Nikatoa kiwiko dirishani. Nikamwona Fatu, nikamtazama kama mtu nisiyemfahamu vizuri. Kutoka nyumba ya Bwana Alfio mpaka kambini ukimwita mtu anaitika, kwa hiyo nilimwambia tuzunguke kwa njia panda ya Segera, kwetu njia ya msibani haikatizwi. Akakubali. Anaendesha, analia. Na mimi nikalia kidogo, asije akasema sina utu.

Kambini tukamkuta Fransisko ameketi juu ya mlango wangu, tawi lake la kanisani kando, anakula kiporo. Bwana Alfio akamrukia, akamkumbatia, akambusu huku na huku, povu lote likahamia kwa Fransisko. Fransisko akanitazama juu ya bega la mzungu. Akaelewa. Mtani hafundishwi. Akasema kwa sauti ya mgonjwa kwamba ni kweli alikufa alfajiri, ila huko alikokwenda wamemrudisha, hajala. Unga ukabaki kwake. Sukari ikabaki kwake. Shuka akaitandika palepale juu ya mlango wangu.

Halafu ndipo akamweleza utani ni kitu gani. Bwana Alfio alinitazama muda mrefu. Nikatabasamu. Akasema, muzee, kwetu mutu kitangaza kifo ya uongo, napigwa na mama ya maiti. Mwisho akacheka. Lakini alichekea upande wa Fransisko. Akamwambia yeye na nguruwe wake wakiupata huo uyoga, kiti ni chao wote wawili.

Nguruwe! Kiti cha mbele!

Nimerudi kwa miguu. Mvua. Mwaija akauliza kama ni kweli nimeonekana ndani ya gari nikilia. Nikasema ni mambo ya kazi. Akauliza, kwa hiyo Jumatatu gari lipo? Nikasema liko njiani. Akaenda kuangalia ndala zake kama zitafika Chanika.

Jumanne, 12 Aprili

Kama uyoga haupatikani, utengenezwe.

Sijui kwa nini sikuliona hili mapema. Mzungu ameshanipa sura na harufu, kazi iliyobaki ni ya mikono. Nimechukua kiazi kikuu kidogo, chenye manundu. Nimekichoma majivuni mpaka kikawa cheusi tii. Nimekisugua kitunguu saumu punje sita. Mwaija aliuliza zimekwenda wapi, nikasema panya. Ikabaki soksi. Mimi soksi sijawahi kuvaa, miguu yangu haina siri. Fransisko anazo, alipewa jeshini, alikwenda Burma kuwapikia askari chai. Zilikuwa zimeanikwa nje ya banda. Mali ya mtani. Nikachukua moja tu, sina tamaa.

Kiazi ndani ya soksi. Soksi ndani ya shimo, chini ya mkwaju wa njia ya mtoni. Kitalala siku tatu, harufu ikolee. Ijumaa nitatangulia asubuhi, nitakivua soksi, nitakirudisha shimoni. Kisha namleta Bwana Alfio, napiga magoti, nanusa mara mbili, nachimba. Nimefanya mazoezi ya kushangaa mbele ya maji ya mtungi. Nashangaa vizuri.

Nikiwa nashindilia udongo, Mwaija akapita anatoka porini na ungo kichwani umefunikwa majani. Akauliza nimezika nini. Nikasema tumaini. Akasema nishindilie sana.

Ijumaa, 15 Aprili

Siku mbaya. Au nzuri. Naandika kama ilivyokuwa, kila mtu aamue mwenyewe, lakini mimi nimeshinda.

Leo Wakristo wana Ijumaa yao Kuu, hakuna kazi kambini, na Bwana Alfio hata nyama hali. Nilimwambia aje saa nne. Saa mbili nafika penye mkwaju nivue soksi, namkuta ameshafika! Anasema hakulala kwa furaha. Na Fransisko yuko naye. Na Bwana Shamba yuko naye, hana kamba, yuko huru kama gavana. Fransisko akaniamkia kwa adabu zote, shikamoo mtani marehemu mtarajiwa. Nikamwambia maiti hawaamkii watu.

Nikasema nguruwe arudi nyumbani, uyoga huu ni wa kunuswa na mzee. Bwana Shamba hakuelewa Kiswahili. Alinyanyua pua. Alitikisika. Akakimbia chini ya mkwaju na kuanza kufukua, udongo unaruka mpaka kofia ya mzungu. Bwana Alfio akapiga magoti. Matope, suruali nyeupe, hajali! Anasema harufu, harufu, mama yangu, ndiyo yenyewe! Na mimi nikashangaa kama nilivyojifunza, maana sikuwa na la kufanya jingine.

Nguruwe akaivuta juu.

Soksi ina mstari mwekundu kwenye shingo. Ndani yake kuna kitu kizito. Maji ya mvua yanadondoka majanini. Fransisko akasema taratibu, mtani, soksi yangu. Akaitazama tena. Akasema, nilidhani imechukuliwa na mwizi, kumbe imefariki.

Bwana Alfio akaichukua. Akakitoa kiazi, akakinusa, akakivunja, kikawa cheupe ndani. Akakaa chini palepale. Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Akasema amezunguka milima yote ya kwao toka utoto, hajawahi kuona uyoga unaovaa nguo. Akasema basi, hakuna safari. Atakwenda kulala mpaka Pasaka ipite.

Hakuna safari! Nikamwona Mwaija anakwenda Chanika peke yake, ndala mkononi. Nikamwona Sadala mlangoni kwake anacheka. Nikajiona mimi na jembe, mwaka mzima. Nikafungua mdomo niseme uongo, ukakosekana. Jambo hilo halijanipata tangu nizaliwe.

Na hapo ndipo Mwaija akatokea njiani, ungo kichwani. Akatuona tumekaa matopeni watu watatu na nguruwe. Akatusalimu. Akashusha ungo, akangoja tumpishe.

Majani yalikuwa yameteleza. Uyoga! Mweupe, mnene, mmoja mpana kama sahani, una udongo mwekundu shinani. Bwana Alfio akasimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Akauliza, mama, hii nini? Mwaija akajibu ni uyoga wa kichuguu, mboga ya mtu asiye na mboga. Akauliza unaota chini? Mwaija akasema mguu wake uko chini kabisa, ndani kwa mchwa, lakini wenyewe una adabu, ukitaka kuliwa unatoka.

Tukaenda nyumbani. Bwana Alfio akapita chini ya mkeka pamoja na kuku. Mwaija akaupika uyoga kwa karanga, akasonga bada, ule ugali wetu wa muhogo. Muhogo wenyewe ni masalio ya matuta matano, hakuutaja, lakini aliuweka mbele yangu akanitazama. Bwana Alfio alikula. Akapangusa bakuli kwa tonge la mwisho mpaka likang'aa. Machozi tena! Mtu huyu ni chemchemi. Akasema siyo ule wa kwao, hata kidogo, na wa kwao hajaulia machozi hivi.

Akauliza umechimbwa wapi. Mwaija akasema hachimbi, na hasemi. Kichuguu kina mwenyewe. Mama humwonyesha binti, binti haonyeshi hata mume. Kweli! Miaka thelathini nakula uyoga nyumbani kwangu, sikuwahi kuuliza unatoka wapi. Nilidhani unatoka jikoni. Akasema hivi vya huku ni vichuguu vidogo, alivitafuta mwenyewe alipoolewa. Vikubwa viko kwa mama yake, Chanika. Masika kama haya vinafunika mguu wa mtu. Akaondoa bakuli. Akasema, ila mama ni mzee, sijui kama bado anaweza kufika.

Bwana Alfio akavua kofia. Akamwomba Mwaija akae naye mbele.

Mbele! Mwaija!

Nikakohoa. Nikakumbusha kwamba habari ya uyoga niliileta mimi. Mwaija akasema atakwenda, ila mumewe asiachwe nyuma peke yake na mihogo iliyobaki, apandishwe hata kwenye mizigo. Bwana Alfio akasema sawa. Akasema Fransisko naye aje na nguruwe, maana yeye bado hajakata tamaa na ardhi hii.

Kwa hiyo safari ipo. Nimefanikiwa.

Jumamosi, 16 Aprili

Mlango umerudi. Fransisko ameuleta kichwani, akaupachika mwenyewe. Nimempa kuku. Zawadi. Mara ya tano.

Mlango unanuka nguruwe. Mwaija amesugua kwa majivu mara saba, anasema nisiusogelee kabla haujakauka, na mimi vilevile.

Jumatatu, 18 Aprili

Naandika nikiwa Chanika, Handeni, nimeegemea ukuta wa shemeji yangu.

Lori lilitupitia asubuhi likitoka Korogwe. Mwaija amevaa kanga ya pindo jekundu. Bwana Alfio akamfungulia mlango, akamshika mkono kupanda kama mke wa gavana. Fatu aliona. Kijiji kizima kiliona. Mimi, Fransisko na Bwana Shamba tukapanda nyuma. Nilikuwa na kamba yangu ya pima saba, lakini lori lenyewe lina pima mbili, kwa hiyo nilisimama pembeni kabisa na kumwachia Mungu mengine.

Mvua njia nzima. Fransisko akaimba kwamba Mzigua amekwenda ukweni na mahari ya nguruwe. Wimbo una beti ishirini. Nimemtungia wa kwangu, una beti mbili lakini nzito. Kila kijiji Bwana Alfio alisimama, Mwaija akateremka, akawasalimu akina mama, akaonja chungu, akatikisa kichwa au akakubali, ndipo mzungu akala. Mtu wa kambi ya barabara alimuuliza Bwana Alfio yule mama mkubwa ni nani. Sikusikia jibu. Nilikuwa nimekaliwa mguu.

Tukafika. Hapa ndipo pa kusoma vizuri. Uwanja wa Sadala ni mwembamba, tena matope matupu. Lori haliwezi kuingia likageukia ndani. Bwana Alfio akaligeuza barabarani, akaingia kinyumenyume.

Sasa fikiri. Lori likienda kinyumenyume, mbele ni wapi?

Niliingia Chanika wa kwanza! Nimesimama wima, nimeshika ubao, naonekana na watu wote! Mwaija alikuja baadaye sana, upande ule wa mwisho.

Sadala akatoka. Akanitazama. Akamtazama Bwana Shamba. Akasema, shemeji, naona upepo leo umekuja na mwenzake. Nikamwambia karibu sana. Akasema hapa ni kwake. Nikamwambia asijali. Akaomba nguruwe asiteremke, nikamwambia tuko pamoja katika hilo.

Mama mkwe wangu Bibi Hajira alitolewa nje kwa kushikwa mkono. Macho yamefifia. Mwaija akapiga magoti matopeni na kanga yake ile, akampa shikamoo. Bibi akanyoosha mikono. Akampapasa uso, paji, mashavu, kidevu, polepole kama anayechambua mchele. Akasema, umechelewa, uyoga wa mwanzo umeoza. Akasema, lakini wa pili unatoka kesho, utanishika mkono twende. Nikatazama kando. Vumbi liliniingia machoni, ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

Sadala ameniuliza mbele ya watu kwa nini dada yake amekaa mbele na mimi nyuma. Nimemweleza habari ya kinyumenyume. Ametafuta jibu mpaka sasa, namwona anatembea uwanjani.

Mwaija anakaa hapa wiki mbili. Bwana Alfio anarudi kesho na Fransisko. Wakati wa kula, Bwana Alfio alinong'ona kwamba kuna kitu kingine amekikumbuka. Kwao watu wanafuga konokono. Kweli, konokono! Wanawalisha majani na unga, wakinenepa matajiri wanakuja kutoka mbali kuwala. Akauliza kama huku kuna mtu anayejua kuwafuga.

Nimemwambia amefika. Ukoo wetu tuliwafuga kabla ya Wajerumani. Babu alikuwa na mia nane, na kila mmoja akiitwa jina anakuja.

Nimeshamwomba Sadala zizi lake la mbuzi. Hajakubali, lakini nimewaambia watu amekubali. Kazi nyepesi sana. Konokono akitoroka, atafika wapi?